Mwaka wa Bunduki ya Upepo

Katika matanga ya Mjomba Damasi, kitukuu wake mmoja alitokea uani na bunduki ya plastiki aliyonunuliwa sokoni Morogoro, ya rangi ya chungwa, akaielekeza kwenye turubai walikokaa wanaume, huku akisema "pa, pa, pa" kwa mdomo. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, nimenyoosha miguu kwenye mkeka, maana pikipiki iliyonipandisha milimani kutoka Mzumbe ilikuwa imenivunja kiuno. Remigi, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa ng'ambo ya ua. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi, na nilipofika tulisalimiana kwa kulia tu. Lakini yule mtoto alipoinua kidude chake, mimi na Remigi tulitamka kwa pamoja, kwa ukali ule ule, maneno yale yale: "Mdomo chini!" Kisha mama mmoja akaangua kicheko, na wengine wakamfuata, wafiwa wakacheka hadi wakajifuta machozi kwa ncha za khanga. Mtoto alishusha bunduki yake taratibu, akatazama ardhi kama aliyeangusha kitu. Remigi akanitazama kutoka mbali, na nikajua anawaza ninachowaza. Ile haikuwa sauti yangu wala yake. Ilikuwa ya marehemu, na tulikuwa tumetoka kumzika.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu nilipopelekwa kuishi kwa Mjomba kwa mwaka mzima. Sababu za kupelekwa ni habari ndefu na haina kazi hapa. Kwetu Waluguru mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, kwa hiyo kwenda kwa mjomba si kwenda ugenini. Ninachokumbuka zaidi ni chumba. Nyumba ilikuwa juu ya Mgeta, imebanwa kwenye ubavu wa mlima kiasi kwamba ukifungua dirisha la nyuma unagusa udongo, na ukifungua la mbele unaona mgongo wa mawingu. Dirisha la chumba changu lilikuwa na ubao tu, halina kioo, na asubuhi ukungu uliingia kama mtu wa nyumbani, bila kubisha, ukakaa juu ya blanketi. Chini ya kitanda Mama Remigi, mke wa Mjomba, alikuwa amepanga mapichi kwenye nyasi kavu ili yaive polepole. Nililala juu ya harufu ile miezi kadhaa. Hata leo, nikipita sokoni Gairo ninakoishi, nikakuta mapichi ya kwetu yamepangwa kwenye sahani, nasimama, na muuzaji huniuliza kama najisikia vibaya.

Kulikuwa na vyumba viwili tu na sebule, na jiko la nje lenye ukuta wa fito, kwa hiyo hapakuwa na siri. Jioni moja nikimenya viazi karibu na jiko, nilimsikia Mama Remigi akisema, "Yaani na Anastazia naye? Mtoto wa kike, bunduki ya nini?" Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda anakula njegere za kuchemsha, na alikuwa mtu asiyejibu kitu mdomo ukiwa na chakula. Alipomeza akasema, "Kwani Fidelis alikuwa na kazi gani na bunduki?" Fidelis alikuwa mtoto wa jirani yetu wa bondeni, wa rika langu. Baba yake alikuwa na gobore, bunduki ya zamani ya kushindilia baruti kwa mbele, ambayo alikuwa akiificha darini ikiwa imeshindiliwa tayari kwa ajili ya nguruwe pori. Fidelis aliitafuta, akaipata, na ikamchukua vidole vya mkono wa kulia na jicho moja. Nilimwona kila Jumapili kanisani, akifanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto. "Baba yake aliificha vizuri," Mjomba aliendelea. "Mimi ninazo bunduki nyumbani na watoto wawili. Siwezi kuficha kuliko wao wanavyoweza kutafuta. Acha wazijue." Mama Remigi akasema, "Basi ukiwaua utawazika mwenyewe." Akagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, na nikajua ameruhusu.

Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na sijaona mwalimu aliyechelewa kuanza somo kama yule. Jumamosi moja alituita sebuleni, mimi na Remigi, akafungua mlango wa mbele na wa nyuma ili mwanga upite, akatandika gunia sakafuni chini ya picha ya Bikira Maria. Juu ya gunia aliweka gobore la ukoo, lililokuwa refu kunishinda, na bunduki yake ya marisau aliyokuwa na kibali chake, ile inayotawanya vipande vingi vya risasi kwa mpigo mmoja. Alitukalisha mbele yake kama wanunuzi. "Leo hatupigi," alisema. "Leo tunachagua. Remigi, wewe ungeanza na ipi?" Remigi, aliyekuwa na miaka kumi na minne na haraka ya miaka ishirini, akaonyesha gobore bila kufikiri. Ndilo alilokuwa nalo babu katika hadithi zote. Mjomba akaniuliza na mimi. Nikasema sitaki hata moja, naogopa. "Hilo ni jibu zuri zaidi," akasema, na Remigi akanifinya.

Kisha akazikataa zote mbili, moja baada ya nyingine, kwa utulivu wa mtu anayechagua mbegu. Gobore, alisema, lina tabia ya kuchelewa. Unavuta, linalia "ta", kimya. Mtu mzima anajua kungoja, mdomo wa bunduki ukiwa bado mlimani. Mtoto anadhani imegoma, anaigeuza achungulie, na hapo ndipo inapokumbuka. Hakutaja jina la Fidelis. Bunduki ya marisau aliishika akaniambia nisimame, nikunje mkono wangu wa kulia, akaweka kitako chake kwenye kiwiko changu. Kifyatulio kilibaki mbali mbele ya ncha za vidole vyangu. "Umeona? Bunduki ni kama kiatu. Cha baba yako hakikufundishi kutembea." Tena ile inapiga teke, akasema. Ukimuumiza mtoto bega siku ya kwanza, unachokuwa umemfundisha ni kufumba macho, na mtu akishajifunza kufumba macho itakuchukua miaka kumfumbua. Baada ya hapo akazifunga zote kwenye kabati, akavaa funguo shingoni pamoja na rozari yake, akatuambia twende tukamwagilie kabichi. Remigi alipiga ndoo mateke njia nzima.

Bunduki tuliyoanza nayo ilitoka misheni. Palikuwa na padre mgeni, mzee mwenye ndevu za njano kwa tumbaku, ambaye Kiluguru chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake. Alikuwa na bunduki ya upepo ya kuulia panya wa ghalani, na raifo moja ndogo, bunduki ya baruti ya kutia risasi moja moja. Alikuja mwenyewe kwa miguu ameibeba ile ya upepo kwenye mfuko wa shayiri, akakaa kwa Mjomba, wakala viazi na maziwa ya mbuzi, wakabishana. Padre alisema hii ni salama, haina baruti, haina kelele, haina teke, wape watoto. Mjomba akasema, "Ndiyo maana naiogopa, Baba. Gobore lina sura ya kifo, mtoto analiheshimu. Hii ina sura ya mchezo." Padre akacheka hadi ndevu zikatetemeka. "Basi usiwape." "Nitawapa," Mjomba akajibu, "lakini kwa sheria za gobore."

Ndivyo ilivyokuwa. Lakini kabla ya hiyo alituchongea bunduki za mbao, moja ya kila mtu kwa kipimo cha mkono wake, na kwa majuma mengi tulizibeba kila tulipokwenda, kisimani, shambani, hata tukipeleka maua kigangoni, kwenye kanisa letu dogo. Hazikuwa na kitu ndani, ni mbao tu. Lakini mdomo wake ukimpitia mtu, hata kwa kugeuka tu kuitikia jina lako, ulisikia kutoka popote alipokuwa Mjomba, "Mdomo chini!" na siku hiyo umemaliza. Watu wa kijiji walitucheka. Mabinti wenzangu waliniuliza kama nimejiunga na jeshi. Mimi nilitembea kwenye ule ukungu wa asubuhi na ubao wangu, nikiwa sioni mbele wala nyuma, nasikia tu maji ya mifereji na majembe ya watu wasioonekana yakilia kwenye matuta juu yangu na chini yangu, na polepole nikaanza kuhisi kitu ambacho sikuweza kukisema wakati ule: kwamba kila upande kuna mtu. Mlima umejaa watu. Hujui alipo, lakini yupo.

Tulipopewa ile ya upepo hatimaye, palikuwa nyuma ya nyumba, kwenye ngema, ukingo mkali wa udongo mwekundu ambayo hakuna njia inayopita juu yake. Mjomba alikuwa amesimamisha kipande cha shina la mgomba. Alitoa kidonge kimoja tu cha risasi kutoka mfuko wa shati, akampa Remigi, na mfuko akaufunga kifungo. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka jicho limekubali. Kabla ya kukubali, jicho liseme lenyewe kinachoonekana, na kilicho nyuma yake. "Unaona nini?" "Mgomba." "Nyuma yake?" "Udongo." "Haya." Risasi iliingia mgombani kwa sauti ndogo, tup, na baada ya muda tundu likaanza kulia maji. Zamu yangu ilipofika nilikuwa bado naogopa, lakini bunduki ilikuwa nyepesi, kitako kilinikaa begani kama mkono wa mtu, na hapakuwa na kelele ya kunifumbisha macho. Nilipiga. Tup. Sikuwa nimejua kwamba woga unaweza kutoka mwilini taratibu hivyo, kama maji yale kwenye tundu la mgomba. Msimu wote wa mapichi tulipiga migomba, jioni baada ya jioni, na mpaka leo nikikumbuka furaha ya utoto, hainijii sauti ya ngoma wala ya shule. Inanijia ile tup, na harufu ya utomvu, na Mjomba nyuma yetu akiuliza kwa upole kama anayesalisha, "Unaona nini? Nyuma yake?"

Naandika haya nikijua kwamba leo nikisikia mtu amempa mtoto bunduki, ya upepo au ya moto, ningeuliza maswali mengi, na sheria ingeuliza zaidi. Mjomba mwenyewe alipozeeka alizikusanya zake akazipeleka polisi, akarudi nyumbani, Remigi anasema, amechangamka kama aliyeoza binti vizuri. Sitetei wala silaumu. Nasema tu kilichotokea.

Kilichotokea ni kwamba mahindi yalipokomaa tulihamia kwenye raifo ndogo ya padre. Nyani walikuwa wakishuka kutoka msituni na kuvunja shamba la chini, lile lililotegemewa kwa unga wa miezi yote ya baridi, na kelele na makopo hayakuwatisha tena. Mjomba aliamua kwamba asubuhi tungekaa naye kwenye jiwe lililo juu ya shamba, raifo ipokezanwe, na risasi itoke mfukoni mwake moja moja. Asubuhi ile zamu ilikuwa yangu. Ukungu ulikuwa mzito hadi mahindi yalionekana na kupotea kama yanapumua. Mjomba alinipa risasi, nikaiweka, kisha akasikia mlio upande wa juu, akasema, "Kaeni hapa," akapanda kidogo kutazama. Hakuwa mbali. Ndipo kitu cheusi kikasogea katikati ya mahindi, chini, kimeinama, kikavuta jani, kikasogea tena.

"Nyani," Remigi akanong'ona. "Huyo! Piga!"

Niliinua raifo. Nakumbuka baridi ya chuma kwenye shavu. Kile kitu kilikuwa ndani ya shabaha yangu sawasawa, na sikuwa na shaka ya kukikosa. Nikajiuliza: unaona nini? Cheusi. Nyuma yake? Weupe. Weupe mtupu.

"Piga, Anastazia! Piga! Wanamaliza!" Remigi alikuwa sasa anapiga kelele.

Kidole changu kilikuwa nje, kimenyooka kando ya mbao. Nilikiambia kiingie, kikakataa, au mimi nilikataa, sijui. Cheusi kikalala chini ghafla, kikatoweka. Ukungu ukajifunga kama pazia. Mjomba aliporudi mbio alinikuta nimeshusha mdomo wa raifo ardhini, nalia kwa hasira, na Remigi anasema kwa kupayuka kwamba nyani alikuwa pale, palepale, na mimi nimeganda kama kinyago. Mjomba alitoa risasi kwanza. Kisha akaniuliza, "Uliona nini?" Nikamwambia sikuona. Hakusema vizuri wala vibaya. Alishuka shambani peke yake, akakaa huko kitambo, akarudi viatu vimelowa. "Mabua yamevunjika," alisema. "Twendeni tukanywe uji."

Baada ya majuma machache nyani walikuja kweli, mchana kweupe, tukiwa ibadani, wakamaliza shamba lile lote. Miezi ile ya baridi tulikula ugali wa mihogo uliokuwa na uchungu, na Mama Remigi, aliyekuwa mtu mwema, alipouweka mezani hakunitazama, kana kwamba risasi yangu moja ingewazuia wasirudi. Remigi alinipa jina, Bibi Ukungu, na kijiji kikalipokea. Nilingoja Mjomba anitetee. Hakunitetea hata mara moja. Jambo alilofanya ni moja tu: asubuhi iliyofuata ile ya ukungu, kabla ya Remigi, alinipa mimi raifo na risasi, tukaenda kwenye ngema nikapige kopo. Mwaka ulipoisha nikashuka Morogoro na mzigo wa mapichi kichwani, nikiamini kwamba nilishindwa mtihani na mwalimu wangu amekuwa na huruma tu. Nilikuwa na imani hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Si jambo la kuumiza kila siku. Lakini lilikaa mahali fulani, na nilipokuwa darasani nikiona mtoto anayesita kujibu, nilimsogelea upesi kuliko wengine.

Siku ya kuondoa matanga tulikaa wanawake kumenya viazi vya wageni. Pembeni yangu alikaa mama ninayemfahamu kwa sura tu, Agripina, aliyekuwa kitoto mwaka ule nilipokuwa binti. Alimenya viazi hadi beseni likajaa. Kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kisu, "Dada, siku ile ya ukungu, shambani kwa mjomba wako. Ilikuwa mimi."

Sikuelewa. Akaniambia taratibu. Mama yake alikuwa amejifungua, nyumbani hapakuwa na mboga, naye alijifunika khanga nyeusi ya mama akaingia kwenye mahindi kuchuma majani ya maboga bila kuomba. Akasikia sauti ya mvulana kutoka kwenye mawingu ikisema piga, piga. Akalala chini na uso kwenye matope hadi sauti zote zilipokwisha.

"Hukumwambia mtu?"

"Nilimwambia yeye. Mjomba wako. Alikuja nyumbani wiki ile ile, alikuwa ameona nyayo zangu. Nikadhani amekuja kunichapa. Akamwambia mama achume majani wakati wowote, ila apite njia ya juu, aimbe akipita." Agripina akaweka kisu chini. "Nikamwomba nije nikushukuru. Akakataa. Akasema, 'Akijua ni wewe, atafikiri alingoja kwa sababu yako. Nataka ajue kwamba alingoja kwa sababu haoni. Siku nyingine hatakuwepo Agripina, na bado lazima angoje.' Basi nikanyamaza. Nikasema nitanyamaza mpaka afe."

Mikono yangu ilikuwa kwenye maji ya viazi na sikuweza kuitoa. Niliwaza yule mzee, alivyokula ugali mchungu mbele yangu kwa miezi na akaacha nidharauliwe, ilhali jibu analo kinywani. Nilikasirika naye, yeye aliyekuwa tayari chini ya udongo, na hasira ile ilikuwa imechanganyika na kitu kingine hata sikujua nilie au nicheke. Ningependa kuuliza alijisikiaje. Hakuna wa kuuliza.

Agripina alinigusa begani, akamwita mtu kutoka jikoni. Akaja mwanamke wa makamo, mnene, anacheka, mtoto mgongoni, na nyuma yake binti aliyebeba ndoo. "Huyu ni mwanangu wa kwanza," Agripina akasema, "na hawa ni wake. Msalimieni dada yangu mkubwa." Wakapiga magoti kidogo wote pamoja, "Shikamoo, mama mkubwa; shikamoo, bibi," na yule mtoto wa mgongoni akanitazama kwa macho ya usingizi. Niliitikia marahaba kwa kila mmoja peke yake, nikiwashika mikono kwa mikono yangu iliyolowa, hata yule mchanga.